Demani ya Muharami

Mtaa wa Dunda,
Bagamoyo.
Julai 8, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Muharami,

Assalaam alaykum warahmatullah. Shikamoo yako ya kwenye simu naijibu tena hapa, marahaba sana, kwa maana siku ile ulikata kabla sijamaliza kukujibu, ukasema salio linakwisha. Hujambo? Shemeji Mina hajambo? Na mwanangu Nasrin, mikono imeshaota sugu kwa kamba au bado? Maana umeniambia humwachi apumue tangu mwezi wa tano.

Sisi hapa wazima, alhamdulillah. Mama mguu unamsumbua, kipupwe cha mwaka huu kimemwingia kwenye goti, lakini mdomo uko palepale. Asubuhi ananiamsha, ananiuliza kama nimeswali, kisha ananiuliza kama nimekula, halafu ananilaumu kwa yote mawili. Shemeji yako Biubwa anakusalimu na anakushukuru kwa dagaa. Amewagawia majirani nusu, nami nikanuna, nikaambiwa mimi ni mchoyo.

Shamba la Zinga muhogo umekubali. Korosho sizungumzii.

Utajiuliza kwa nini kaka yako anakuandikia barua zama hizi, wakati simu ninayo mfukoni. Tulia, nitafika huko. Barua hii nimeitia kwenye mkunjo wa tanga kusudi usiweze kulitandaza bila kuiona. Kaa chini uisome kwanza, tanga halikimbii.

Tanga lenyewe ni lile uliloniagiza, kwa vipimo vya mti wa foromali ulivyonitumia. Kitambaa ni pamba nzito, nimekichagua mwenyewe Kariakoo, nikabishana na muuzaji mpaka akaniuliza kama nanunua sanda. Uzi nimeupaka nta ya nyuki kutoka Mkange. Kumbuka kulimwagia maji kabla ya kulipandisha ili nyuzi zibanane na upepo usipenye. Ila maji yenu huko hayana chumvi, tanga litakauka upesi kuliko huku kwetu. Basi awepo mtu na kopo muda wote, hasa kwenye ule mkondo mrefu wa siku ya kwanza ya mashindano kutoka Musoma kwenda Ukerewe mnakolala. Siku ya pili mkiingia Mwanza hata likikauka si neno, mtakuwa mmeshashinda au mmeshashindwa.

Nacheka hapa peke yangu, lakini si kicheko cha furaha.

Muharami, uliponiomba tanga hili ulisema maneno ambayo hayajanitoka kichwani. Ulisema, "Kaka, mafundi wapo hata huku, lakini mimi nataka mshono wa Baba, wa kwenda na kurudi." Halafu ukampa Nasrin simu. Mtoto akaniamkia vizuri kabisa, akasema kamba ya tanga, demani, ataishika yeye, kisha akacheka. "Baba Mkubwa, Baba ananiambia nisiikaze sana, eti huko kwenu jina lake limekuwa tusi." Nikacheka na mimi. Nilipokata simu nikaingia ndani nikakaa juu ya kitambaa, sikushika sindano siku mbili.

Sasa nakwambia. Bismillah.

Idd ile ya mashindano ya ngalawa, mwaka ule ulioondoka nyumbani, tanga lilichanika kwa sababu yangu.

Unakumbuka Baba alinipa tanga jipya nilishone ndani ya Ramadhani. Unajua sheria yake: kila mshono unakwenda nao mpaka mwisho, kisha unarudi nao mpaka ulikoanzia. Nilishona mishono yote hivyo, Wallahi, isipokuwa mmoja, ule wa katikati. Huo nilikwenda nao tu. Ilikuwa siku ya ishirini na tisa, swaumu imenibana, nikasema kurudi nitarudi kesho, siku ya thelathini, nafasi ipo tele. Nikaweka sindano nikaenda kulala mpaka alasiri. Baba akanikuta natoka chumbani, akauliza, "Tanga tayari?" Mimi, kwa kuona haya kukutwa na usingizi machoni, nikamwambia tayari.

Magharibi mwezi ukaandama.

Kesho yangu ikawa Idd. Kabla hata hatujamaliza futari Baba alishalitoa tanga, ameshalifunga kwenye foromali kwa mikono yake, anamwonyesha kila apitaye. Ningesema nini? Nilikuwa na uwezo wa kusema, "Baba, bado mshono mmoja." Maneno machache tu. Angenigombeza, ningeshona, tungelala. Nikajiambia uzi ni mzuri, utashika, safari yenyewe ni Kaole na kurudi.

Yaliyobaki unayajua, lakini nataka uyasome kwa mwandiko wangu. Tulipogeuka kule Kaole upepo ukatupiga, na wewe ukalegeza demani tanga lipumue. Nilikuwa kwenye mrengu, pembeni mwa ngalawa, nimekutazama uso kwa uso, nikaiona kamba inakwenda mkononi mwako. Uliilegeza kwa wakati wake, hata Baba mwenyewe asingefanya vizuri zaidi. Tanga likachanika katikati, juu mpaka chini, pale pale nilipopajua.

Tukarudi kwa makasia. Baba alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni na kanzu yake ya Idd. Akakufokea mbele ya Bagamoyo nzima, "Umekaza demani! Umekaza kwa sifa!" Wewe ukasema, "Baba, nililegeza." Kisha ukanigeukia mimi.

Uliningojea tu. Na mimi nikainama nikaanza kukusanya tanga.

Mdogo wangu, nimefanya makosa mengi, na mengine Biubwa anayakariri kama juzuu. Lakini sina kosa jingine ninalolijutia kama kule kuinama.

Alasiri ile nilikata ule ukanda wa mshono nikautia jikoni, ukaungua chini ya sufuria ya pilau. Biubwa akauliza kunanuka nini, nikamwambia nta. Baba alipokuja kulikagua tanga hakukuta cha kukagua. Wiki ile ile akakunyang'anya usukani akanipa mimi, nami nikaupokea. Ukangoja ngoja, ukaona hakuna wa kukusemea, ukapanda basi la Mwanza. Watu wakasema Muharami amekwenda kutafuta maisha. Mimi nilijua umekwenda kutafuta mahali ambapo watu hawakuiona siku ile.

Halafu Abuu wa hapa mtaani, na mdomo wake ule, akaanzisha msemo. Mtoto akijaza sahani anaambiwa, "Umekaza demani ya Muharami." Mtu akioa wake wawili kabla hajajenga, "Demani ya Muharami hiyo." Watoto wa leo wanausema hata hawajui Muharami ni nani, wanadhani ni mtu wa zamani za Wajerumani. Hata kwenye hitima ya Baba, ulipokuja, wewe umeosha maiti ya baba yako pamoja nami, umeingia kaburini kumpokea, halafu tunakula wali mtu mmoja akatupa neno hilo kwa mwanawe. Ukacheka. Ukamwambia, "Mwache mtoto ale." Ningekuwa mtu, ningesema pale pale. Nilinawa mikono nikatoka nje.

Baba amekufa anaamini ulikaza. Hilo siwezi kulishona tena, hata kwenda wala kurudi. Wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu imefika hadi Mwanza, na imechukua miaka ishirini na zaidi.

Ningeweza kunyamaza hata sasa. Lakini safari hii demani anaishika Nasrin, na tanga nimeshona mimi. Nikamwaza mtoto yule katikati ya ziwa, upepo wenu ule unaosema hauna adabu, unatoka kokote, halafu kitu kichanike, naye aambiwe amerithi. Nikaona hapana. Heri aibu yangu.

Wa kwanza kumwambia alikuwa Mama, Alhamisi. Alikuwa uani anachagua mchele kwenye ungo. Nikamweleza yote. Hakuinua uso. Nikadhani hakusikia, nikaanza upya. Akasema, "Nimesikia. Kibovu ni mguu, sio masikio."

Akamaliza mchele wake. Kisha akasema, "Lilete hilo tanga." Nikalileta nikalitandaza ua mzima, kuku wakakimbia. Akaomba wembe na miwani. Akajikokota na goti lake lile, akafumua shubiri moja ya mshono wa kwanza, akavuta uzi, akahesabu kwa kidole. "Mara mbili. Shona." Akahamia mshono wa pili. Muharami, amefumua kila mshono, usidhani aliruka hata mmoja, tangu adhuhuri mpaka adhana ya alasiri. Mimi, ambaye watu wa Pangani na Saadani wananiletea matanga yao, nimekaa chini nashona nyuma ya mama yangu kama mtoto wa chuoni. Biubwa alitaka kumsihi apumzike, nikamkonyeza amwache. Ana haki yake.

Kwa hiyo ukiona mahali uzi ni mweupe zaidi, usiogope. Hapo ndipo alipopita Mama.

Alipomaliza akaniambia, "Ulimwacha atukanwe mbele ya watu. Kaseme mbele ya watu." Ijumaa, baada ya swala, nikasimama pale nje msikitini, kabla watu hawajamaliza kuvaa viatu, nikasema. Nikasema mshono wa katikati wa tanga la Idd ile ulishonwa mara moja, nilishona mimi, na Muharami demani aliilegeza kwa macho yangu haya. Wengine hata hawakujua naongelea nini. Lakini wale wazee wa ngalawa walijua. Mmoja akasema, "Astaghfirullah, Husseni," akavaa kobazi zake akaondoka bila kunipa mkono. Abuu akanitazama weee, kisha akauliza, "Sasa tuseme uzi wa Husseni?" Watu wakacheka. Nikamwambia ndiyo, semeni hivyo. Nimeshausikia mara mbili sokoni, na unauma kweli. Mimi naubeba siku ya nne tu, wewe umebeba wako miaka yote hiyo.

Sikuandikii ili unisamehe kabla ya mashindano. Usiharakishe. Ukisamehe nitashukuru, usiposamehe nitajua kwa nini. Ninachokuomba ni kimoja. Litandaze tanga hili mchana kweupe, wewe na Nasrin, mlikague kama alivyolikagua Mama. Wembe nimeuweka humo humo, na sindano, na uzi wa kutosha. Moyo ukikataa, liache, mwendee fundi wa huko, sitanung'unika wala sitamwambia mtu. Nisingependa mwanao aende majini na kitu ambacho baba yake hakiamini.

Lakini ukilipandisha, mwambie Nasrin aishike demani bila woga. Aikaze inapotaka kukazwa, ailegeze inapotaka kulegezwa. Mkono wa baba yake niliuona ukifanya hivyo.

Na vaeni yale maboya. Ulisema yanawashwasha shingoni. Basi yawawashe.

Mpe salamu shemeji Mina, mwambie dagaa zifungwe vizuri siku nyingine, basi zima lilinilaani. Mbusu Nasrin kwenye paji la uso. Biubwa anawaombea, na Yusuf wangu anasema mkishinda atakuja Mwanza kula ushindi, na mkishindwa atakuja vile vile. Allah awape upepo mwema, awafikishe Ukerewe salama, awarudishe kwa Mina mkiwa wawili kama mlivyoondoka.

Nilitaka nifunge hapa. Nimemsomea Mama barua yote hii, amekaa kwenye mkeka ananisikiliza, hajanikatiza hata mara moja, na wewe unajua jambo hilo lilivyo gumu kwake. Nikamuuliza, je, na yeye ana neno la kukuletea? Akasema analo, niliandike kama anavyolisema, nisiongeze la kwangu. Nikaliandika. Akasema nimsomee. Nikamsomea. Akagusa karatasi kwa kidole, akasema, "Andika tena. Mara mbili."

Mwanangu Muharami, demani hukukaza.

Mwanangu Muharami, demani hukukaza.

Wako akupendaye, na aliyechelewa kusema,
kaka yako,
Husseni Mikidadi.