Madaftari ya Kidato cha Pili

Kasulu, 3 Machi 2013

Mwanangu Josephina,

Mwakeye. Sisi wazima, ila mvua imezidi na mihogo inaoza ardhini. Wajukuu hawajambo? Na hiyo shule yako ya msingi?

Mimi macho ndiyo yananiaga. Daktari anasema ni presha ya macho, hairudi nyuma. Maandishi yako makubwa ya maka peni nayasoma dirishani. Ya wanafunzi siyaoni kabisa. Gombera, mkuu wetu hapa seminari, hajui, nawe funga mdomo. Nimebadili ufundishaji: kila kijana anaandika insha yake ya Kilatini, kisha ananisomea kwa sauti. Kilatini kizuri husikika. Kibaya kinaburuza miguu.

Basi hawa wa kidato cha pili, waliokuwa wanaandika kama wanapasua kuni, sasa wananitoa machozi. Juzi Majaliwa kasoma habari za mama yake akivuna maharage, nikamwambia arudie mara mbili. Miaka thelathini na mmoja kazini, sijapata darasa kama hili. Na ndilo la mwisho.

Nimewaambia wafunge madaftari yao, nakutumia kwa basi. Kilatini nilikufundisha nyumbani kwa kuwa seminari haichukui wasichana. Leo ndiyo kazi yake. Soma, uniambie nani anafaa kuandika salamu za Kilatini mbele ya Askofu, sikukuu ya tarehe 15 Agosti.

Baba yako,
Stanislaus

Kibondo, 24 Machi 2013

Baba, shikamoo.

Wajukuu hawajambo. Mdogo alikohoa wiki nzima, sasa anacheza. Pole sana na macho, usiache dawa.

Madaftari nimeyasoma yote. Wanaandika vizuri, Baba. Majaliwa anafaa, na Reverien pia. Nayarudisha kwa basi la Jumanne.

Binti yako,
Josephina

Kasulu, 14 Julai 2013

Mwanangu,

Hamjambo wote? Mimi nipo, najikongoja.

Gombera ameshajua. Nilikanyaga beseni la mboga la Elieth mpishi, mbele ya mapadre. Akaniita, akaniambia kwa upole nipumzike. Nikamwambia siku ya Askofu achague kijana yeyote, ampe chaki, aandike papo hapo. Akishindwa, nafunga virago siku hiyohiyo. Akacheka, akakubali. Nilimwambia hata binti yangu ameyasoma madaftari, na yeye hanaga sifa za bure. Ile barua yako naitembeza mfukoni.

Baba yako,
Stanislaus

Kibondo, 4 Agosti 2013

Baba, shikamoo. Sisi wazima. Kaa chini kabla hujaendelea.

Nilikudanganya. Madaftari hayana kitu. La Majaliwa lina mistari miwili na vikosi vya mpira. La Reverien limefutwafutwa mpaka karatasi imetoboka. Na katikati ya rundo liliingia kwa bahati mbaya daftari la mwaka 1988, la mwanafunzi mwingine, limejaa wino wako mwekundu, na ndani yake mama anavuna maharage. Madaftari hayo ya zamani, uliyoyahifadhi kwenye kabati la stoo ya shule, ndiyo wanayokusomea. Kilatini kinachokutoa machozi ni kile ulichokisahihisha mwenyewe.

Ulikuwa na furaha, Baba, nikaogopa kuikata. Mwambie Gombera unaumwa, siku ya Askofu ipite. Nisamehe.

Binti yako,
Josephina

Kasulu, 18 Agosti 2013

Josephina,

Barua yako ilifika tarehe 9. Sikusema naumwa.

Niliingia darasani, nikawaambia kila mmoja aandike sentensi moja juu ya mvua, anisomee palepale. Sikusikia hata kalamu moja ikikwaruza. Mwishowe Reverien akasema, “Mwalimu, ulikuwa unafurahi, tukashindwa kuacha.” Sikuwachapa. Nilikwenda kwa Gombera nikamweleza yote, nikaondoka kabla ya sikukuu. Naambiwa Askofu alisalimiwa kwa Kiswahili. Niko Makere kwa shangazi yako.

Wale ni watoto, kosa lao limeshanitoka moyoni. Lako limekaa humo. Macho ndiyo yaliyokufa, masikio yangu ni mazima mpaka leo. Ungeniambia Machi, ningewatandika wiki moja, halafu ningewakalisha mbele yangu mmoja mmoja, sentensi moja kwa siku, tukaijenga kwa mdomo mpaka isimame. Ndivyo nilivyokufundisha wewe jikoni, mimi nikimenya ndizi, bila hata karatasi. Hukukumbuka?

Miezi mitano, mwanangu. Hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki, na uliichukua wewe.

Usije kwa sasa.

Baba yako,
Stanislaus