Tawi Lililodhaniwa Shubiri

Jumamosi, Februari 1971

Alhamdulillahi, mtoto mzima.

Nilirudi kutoka foleni ya mchele nikakuta ule mti wa maua mekundu, alioniletea marehemu mume wangu kutoka majangwa ya Barawa, umekatwa tawi. Utomvu ulikuwa ukichuruzika kwenye shina lake nene. Jirani yangu Bi Mwanaidi akasema, "Mdogo wako Asha kaja kuchukua shubiri. Anataka kujipaka chuchuni, amwachishe mwanawe Zuhura ziwa."

Shubiri! Ule mti si mshubiri, ni sumu. Huko unakotoka watu hupaka mishale utomvu wake. Mume wangu alinionya, na mimi sikumwambia mtu, nikiogopa nitaambiwa niung'oe.

Nilikimbia mpaka kwa Asha, Mlandege, miguu mitupu. Nikamkuta mkekani, Zuhura yuko kifuani ananyonya. Nikapiga ukelele.

"Ushapaka?"

"Sijapaka, dada. Tawi lile pale dirishani." Akainamisha kichwa. "Mtoto kaniangalia tu, nikamwonea huruma. Nikasema anyonye leo, kesho nitatia."

Maneno makali niliyokuja nayo yote yaliniisha. Nilikaa chini nikalia, Asha akadhani nimefiwa. Nilipomweleza, yeye ndiye aliyenishika mabega.

Nilimwosha mikono kwa sabuni mara tatu, tawi nikalifukia. Niliporudi nyumbani niliwaambia majirani wote kuhusu ule mti. Laiti ningewaambia zamani.

Asha kasema hamwachishi tena Zuhura, mpaka aache mwenyewe. Kwa kawaida ningembishia. Leo nimemwambia, "Mwache anyonye."