Makopo Uliyoandika Ukutani

Nyumbani,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimepona? Sisi tunaendelea. Baba anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi. Mimi nimechoka hoi, ila sijaugua.

Kuku wa mayai tuliachana nao. Baba sasa anafuga kware wa nyama, na tangu astaafu hao ndio wanaomtoa kitandani. Shida ni chakula. Anachanganya kwa yale maandishi uliyoyaandika kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo kabla hujaondoka: pumba makopo manane, soya moja, dagaa moja. Uliwaandikia kuku, ndugu yangu, tena waliokwisha kukua!

Kundi la kwanza lilitutia aibu. Wiki tano, na kware hajazi kiganja. Mpishi wa hoteli aliyewaagiza aliwapapasa, akaniuliza, "Dada, hawa si shomoro kweli?" Kundi la pili likitoka hivyo, harudi tena, na baba sijui ataamkia nini.

Bwana mifugo kanieleza kwamba kware anayekua anataka protini kama asilimia ishirini na nne wiki tatu za mwanzo, ndipo ipunguzwe kidogo. Chakula chetu hakifiki hata kumi na sita. Nilipomwambia baba alinitolea macho. "Mwanangu kaandika. Wewe umesomea wapi?" Nikachukua kitambaa kibichi nifute ukuta, akasimama mlangoni, hapiti mtu. Nilirudi jikoni nikalia. Mimi ndiye niliyebaki naye, lakini neno lako ndilo linalosikika. Imeniuma, sikufichi.

Vifaranga wapya wana siku tatu. Dereva anayekuletea barua hii anageuza keshokutwa. Mpe karatasi: pumba makopo matano, soya manne, dagaa moja. Iwe kwa mwandiko wako, maana wangu anaujua. Usiseme nimekuomba.

Na ongeza maneno mawili matatu ya salamu. Jana asubuhi nilimkuta stoo na kipande cha mkaa, anapitisha juu ya herufi zako zilizoanza kufifia. Miaka sita hujamwandikia. Ule ukuta ndiyo barua yako pekee aliyonayo.

Nisalimie wifi na wanangu wote wawili. Mungu awafunike.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikichoka.