Mtoto Asiyefaa Mtumbwini

Matema

Mjukuu wangu Lugano,

Ndaga kwa barua yako. Huku tu wazima. Bibi yako bado anafinyanga vyungu ingawa mgongo unamsumbua, na dagaa wa usipa tumeanika mpaka mlangoni.

Unauliza kama nilipelekwa shule kwa sababu ya akili. Hapana. Enzi za Mjerumani, jumbe alitaka kila nyumba itoe mtoto mmoja wa kusoma. Wavuvi wote walifanya kama baba: walibakiza wenye nguvu za kuvuta wavu, wakatoa wasiofaa. Mimi nilitapika kila mtumbwi ulipofika kilindini. Baba akamwambia mwalimu, "Mchukue huyu. Ziwani ni mzigo tu, na kichwa chake kizito." Kaka yangu Ambakisye akabaki na kasia.

Vita vilipoanza, askari mmoja alileta karatasi ufukweni. Mwenyewe hakujua kusoma, nikaitwa mimi. Yalikuwa majina ya vijana wa kwenda kubebea jeshi mizigo. Wote walikuwa wenye nguvu. La tatu lilikuwa la Ambakisye.

Baba alinishika mkono. "Soma tena, mwanangu. Wewe huwa unakosea."

Nikasoma tena, polepole. Sikuwa nimekosea.

Kaka hakurudi. Wewe soma, Lugano, ila usinisifu tena kwa elimu yangu. Siku ile baba aliniomba niwe mjinga, mara moja tu, na hata hilo sikuliweza.

Babu yako