Kaza Kwanza, Ndipo Ulie

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua vitambaa kabla majirani hawajatoka uani. Nimevianika chumbani, nyuma ya pazia. Sketi nyeusi tena. Darasa la Tatu wameshaizoea.

Leo niliuliza ni mnyama gani anayetupatia maziwa. Mtoto mmoja akajibu, bibi. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka. Mkojo ukatoka. Nikakaa kitini mpaka kengele, nikijifanya nasahihisha madaftari niliyokwisha kuyasahihisha.

Ni hivi tangu Novemba, tangu uzazi ule. Uchungu mrefu, mtoto mkubwa, na mtoto mwenyewe hakuiona jioni. Mume wangu Marwa yuko Ikoma, kazini kwenye hoteli ya watalii. Hajapiga simu tangu Ijumaa. Mimi pia sijampigia.

Alhamisi, 6 Machi
Hospitali. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa nina fistula. Daktari amenipima, amesema hakuna tundu. Misuli ilivutika wakati wa kujifungua, ikalegea. Akanielekeza chumba cha mazoezi ya tiba. Nilidhani kule wanakwenda waliovunjika miguu tu.

Mtaalamu anaitwa Wankuru. Ni mdogo kwangu, ananiita dada Ghati. Alinieleza kwamba kuna misuli chini ya nyonga inayoshikilia kibofu, kama kamba zinavyobeba godoro kwenye kitanda cha kamba. Zangu zimelegea, na kamba ikilegea hukazwa. Nikamuuliza nitakazaje kitu nisichokiona.

"Fikiria uko mbele ya wakwe zako na upepo unataka kutoka," akasema. "Uzuie. Na mkojo uuzuie hapohapo. Vuta juu, halafu achia."

Nilitaka kucheka. Nikaogopa.

Jumapili, 9 Machi
Nalala chali, nakunja magoti, nakaza. Kinachokaza ni makalio. Au nabana pumzi, na hilo amelikataza. Sijui kama kuna kitu kinachofanyika huko ndani.

Kanisani nilikaa karibu na mlango. Wimbo wa kurukaruka ulipoanza nikatoka na simu sikioni, kama mtu aliyepigiwa. Nimechoka kuwa mwongo.

Jumapili, 16 Machi
Marwa alikuja jana, likizo. Nilibadilisha mashuka, nikaoga mara mbili, nikampikia ugali wa mtama na nyama. Akala vizuri. Akatandika sebuleni, eti joto. Mvua ilikuwa inanyesha.

Asubuhi nilikuta amefungua madirisha yote ya nyumba. Hakusema neno. Afadhali angesema.

Mchana akaondoka. Anasema kazini wamemwita.

Alhamisi, 27 Machi
Wankuru ameridhika kidogo. Anasema sasa misuli inaitika, ila inachoka haraka. Akaniuliza ni wakati gani hali inakuwa mbaya zaidi. Nikikohoa, nikicheka, nikinyanyua ndoo. Akauliza, na ukilia?

Nikamwambia silii.

Halafu nikamwambia yote. Siku ya kumzika mtoto kule Nyanungu, kwao Marwa, wanawake walilia kwa sauti, nami kila nilipofungua kinywa nilihisi maji miguuni. Nikafunga kinywa, nikabana mapaja, nikasimama kama mti mpaka udongo ukajaa. Watu waliona. Mama mkwe aliwaambia wenzake nina moyo wa jiwe. Tangu siku hiyo sijamlilia mwanangu.

Wankuru akavuta kiti chake karibu.

"Basi na hilo tutalifanyia mazoezi," akasema. "Kaza kwanza, ndipo ulie."

Jumatano, 9 Aprili
Vumbi la chaki. Nilihisi chafya inakuja, nikakaza, nikapiga chafya. Kavu.

Nikampigia Marwa hapohapo. Hakupokea. Baadaye ukaja ujumbe: niko kazini.

Jumamosi, 19 Aprili
Nyanungu. Nilikuja kula Pasaka na mama mkwe. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kisu, tukakaa kumenya mihogo. Alikuwa anamenya vibaya, anakata na nyama yake. Nikajua kuna jambo.

Akasema anataka nilisikie kwake kabla sijalisikia gulioni. Marwa ana mwanamke Ikoma. Ni mjamzito. Marwa ameshawauliza baba zake wadogo habari za ng'ombe wa mahari.

"Sikumfundisha hivi," akasema. "Lakini nimemzaa mimi."

Niliweka kisu chini. Nikaenda nyuma ya migomba, kwenye kaburi. Majani yameota mpaka huwezi kujua ni la mtoto. Nikasimama. Nikakaza. Ndipo nikalia. Nililia kama mama zetu wanavyolia, kwa sauti, mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Nilimlilia mtoto. Mwisho sikujua tena ninamlilia nani.

Mama mkwe alikuja nyuma yangu. Nikamweleza kwa nini siku ile sikulia. Sikupanga kumweleza, yalitoka yenyewe. Akakaa chini kwenye majani yenye maji.

"Mimi ni tangu nilipomzaa Marwa," akasema. "Nilidhani ndiyo uzazi."

Miaka yote hiyo. Mtoto wake wa mwisho ana ndevu. Hajamwambia mtu, hata marehemu mumewe. Akaniomba nimsamehe lile neno la jiwe. Nikamshika mkono tukainuka.

Nguo yangu ilikuwa kavu. Nimeiangalia mara nyingi leo. Sijui niifanyie nini furaha hiyo.

Jumapili, 20 Aprili
Pasaka. Sauti imekauka. Nimempigia Marwa, safari hii akapokea. Nikamuuliza, akakubali. Nikakata.

Bado ninampenda. Inaniudhi.

Alhamisi, 8 Mei
Mama mkwe ameshuka na gari la asubuhi. Tumekwenda hospitali pamoja. Kwenye benchi alijifunika kitenge mpaka puani, kama vile kila mtu anajua alichofuata.

Wankuru alianza na mimi. Ninaendelea vizuri. Ndoo iliyojaa bado inanishinda, na amesema nisiache mazoezi hata nikijiona nimepona. Kisha akamgeukia mzee, akamwamkia shikamoo, akaniuliza ni nani wangu.

Wiki iliyopita baba wadogo wa Marwa walikaa kikao. Ng'ombe wameshapelekwa kwa wakwe wapya. Mama mkwe alikuwa anaangalia sakafu.

"Mama yangu," nikasema.

Wankuru akamwomba apande kitandani. Mama akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, akalala chali. Akanyoosha mkono kunitafuta. Nikausogelea, nikaushika. Wankuru akafunga mlango.