Mto Niliouchora Ubaoni

Jumamosi, 3 Mei

Mtoto kaogeshwa. Chupa zimechemshwa. Uji ulimwagikia jiko, nimefuta. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshavaa viatu na kofia, nimekaa ukingoni mwa kitanda, mkoba mapajani. Neema akachungulia mlangoni na sare zake za unesi. "Mama, samahani jamani. Wameniita, kuna mtu anaumwa. Tutaenda weekend ijayo, promise."

Weekend ijayo. Hii ni ya nne.

Nikavua viatu.

Niandike hapa, maana nikisema kwa mdomo naambiwa nitapandisha presha. Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja, kwanza Maswa, baadaye Shinyanga mjini. Kila mwaka nimechora Misisipi ubaoni kwa chaki. Juu Ziwa Itasca, chini Ghuba ya Meksiko, mstari mmoja. Sikuwahi kuuona. Sasa niko mji wa Savage, Minesota, kwa binti yangu, na hilo ziwa liko mwendo wa saa nne kwa gari. Nilikuja Desemba kumsaidia Neema na uzazi wake. Narudi tarehe 28 Juni. Nimeona nini Marekani? Kliniki, kanisa, maduka, na zulia la sebuleni. Misisipi nimeupita mara moja darajani, tukienda kwenye ubatizo ng'ambo ya Inver Grove Heights, gari likikimbia. "Ndio huo, Mama." Nilipogeuza shingo tulishauvuka.

Nitafika kwenye chanzo chake kabla sijapanda ndege. Basi.

Jumatano, 7 Mei

Leo nimejipeleka mwenyewe. Tumaini, mjukuu wangu, kwenye kigari chake, blanketi mbili, chupa moja. Tukashuka hadi mto Minesota. Dakika hamsini kwa miguu. Huu si Misisipi, ni tawi lake, unaingia humo mbele huko. Lakini mto ni mto. Nikaona matishari, mashua bapa za mizigo, yakipakiwa nafaka. Bomba linamwaga, vumbi linapanda, tishari linadidimia kidogo kidogo. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi. Miaka yote hiyo nimewaambia watoto wa watu "nafaka husafirishwa kwa matishari", na mimi mwenyewe sikujua tishari lina ukubwa gani. Ni refu kuliko madarasa yetu manne.

Neema amekasirika. Barabara ya malori, Mama, na mtoto mchanga! Sawa, malori yapo. Nilipita pembeni. Nimewahi kuvusha wanafunzi sabini barabara kuu ya Shinyanga kwenda kuangalia makorongo na nikarudi na sabini. Sikuomba radhi.

Jumamosi, 10 Mei

Imeahirishwa tena. Zamu ya ziada.

Kinachoniuma ni kwamba gari liko nje na dereva yuko ndani. Masanja, mume wa Neema, hafanyi kazi Ijumaa wala Jumamosi. Anajua barabara zote. Lakini ni mkwe. Kwetu Usukumani mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawatazamani, hawakai chumba kimoja wakiwa wawili. Baba yangu alikufa hajawahi kutafuna kitu mbele ya bibi mzaa mama. Nyumba ya baba ilikuwa na uwanja mpana wa kukwepana. Hii ina ngazi moja. Masanja akisikia nashuka, anarudi chumbani. Mimi nikimsikia jikoni, nabaki juu na njaa yangu. Jana nilimfuma anakula. Akainuka na sahani, macho chini, akaenda kumalizia wali wake gereji, amesimama kando ya mashine ya kukatia nyasi.

Kijana mzuri. Ila saa nne garini, sisi wawili? Hata kufikiria naona haya. Na haya hiyo nimeichoka.

Jumapili, 18 Mei

Nimetoka! Bi Zuhura wa nyumba ya tatu, mwenyeji wa Mombasa, ana gari kubwa la kupelekea bidhaa vijijini. Viungo, khanga, sambusa za kugandisha. Watu wetu wanaofanya kazi viwandani huko ndio wateja wake. Alinikuta kibarazani na uso wangu wa kufiwa. "Mwalimu, mbona wajitesa? Ingia twende zetu. Mimi nita-drive, wewe utazame."

Nikamkabidhi Neema mwanawe. Alitaka kulala. Nami nilitaka kutoka.

Tukaenda kusini. Ardhi tambarare, nyeusi, yenye afya mpaka nikaona wivu. Maghala ya chuma marefu. Makanisa madogo meupe katikati ya mashamba, hakuna mtu nje. Kijiji kimoja kina sanamu ya jogoo kubwa kuliko nyumba. Nikauliza ya nini. Muuza mafuta hajui, Bi Zuhura hajui. Nikapigwa nayo picha.

Halafu ngano. Nimefundisha kwamba nyika hizi ni ngano. Nimesahihisha mitihani, nimewakata alama walioandika mahindi. Leo nimetazama kulia na kushoto siku nzima. "Hiyo yote ni corn, Mwalimu. Corn na soya mpaka utapike." Labda ngano iko mbele zaidi, magharibi. Lakini nilikopita mimi ni mahindi, yanachipua kama ya kwetu. Yupo mtoto mmoja, Shija, nilimpa sifuri. Nimecheka peke yangu mpaka Bi Zuhura akaniuliza kama niko salama.

Siku nzuri kuliko zote tangu nije.

Jumanne, 27 Mei

Nina hasira, mwandiko umepinda.

Baada ya chakula Neema akaniwekea karatasi mezani, kalamu juu yake. "Weka sahihi hapa tu, Mama." Nimevaa miwani nikasoma. Mimi husoma. Ni ombi la kuongezewa muda wa kukaa. Miezi sita mingine. Ameshajaza kila kitu, jina langu, tarehe yangu ya kuzaliwa, na sababu: kutalii.

Kutalii!

Hakuniuliza. Alikwisha kuamua na mumewe, au peke yake, sijui. Anasema nafasi kwenye kituo cha kulelea watoto haipatikani mpaka Januari. Anasema nyumbani nina nini, nimestaafu. Nina nyumba. Nina kuku, nina kwaya, nina jina. Kule naitwa Mwalimu, hapa naitwa "Mama yupo". Mama yupo, nenda kazini. Mama yupo, usijali.

Nilipokataa akalia. Kisha akasema ile ambayo sitaisahau. "Ukikaa, mwezi wa tisa tutakupeleka Itasca. Majani yanabadilika rangi, ni pazuri sana." Ndipo nikaelewa. Safari haikuahirishwa kwa sababu ya zamu tu. Ilikuwa nyasi anazoonyeshwa ng'ombe ili afuate.

Sikutia sahihi. Nimepanda ngazi. Mwanangu nampenda, na simpi miezi sita.

Jumapili, 1 Juni

Hatusemeshani. Nalea, napika, nafua. Ile karatasi bado iko mezani, tunakula pembeni yake.

Bi Zuhura kaskazini haendi. Wateja wake wako kusini. Ameniomba msamaha kwa bagia.

Zimebaki siku ishirini na saba.

Jumatano, 4 Juni

Nimefanya.

Neema kazini, mtoto amelala. Nilimsikia Masanja jikoni. Nikashuka mpaka ngazi ya nne kutoka chini, mahali ambapo hanioni. Kijiko kikatulia. Nikasema nikitazama ukuta: "Mkwe, usikimbie. Ijumaa ya tarehe ishirini nataka unipeleke Itasca. Mimi na wewe. Nimezeeka, sina muda wa kukwepana."

Friji inanguruma tu.

Kisha sauti yake, ndogo: "Mama, naogopa kukukosea adabu. Naomba nimpigie baba mkubwa."

Nikarudi juu. Kama niliyeiba.

Jumapili, 8 Juni

Jibu limekuja kutoka Magu. Baba mkubwa wa Masanja kasema kila jambo lina mlango wake. Mkwe akitaka haya iondoke, amkabidhi mama mkwe mbuzi jike na kitenge, mbele ya mwanamke mtu mzima. Baada ya hapo wanaweza kukaa pamoja na kula pamoja. Masanja aliniambia hayo kupitia mlango wa bafu, mimi nikifua nepi.

Kitenge anacho Bi Zuhura. Na mbuzi? Nikadhani ndio mwisho wa habari. Bi Zuhura akacheka mpaka akashika kiuno. "Mbuzi, Mwalimu? Kuna mzungu namjua mbele ya Faribault ana mbuzi mia. Jumamosi twenda."

Jumamosi, 14 Juni

Matembezi ya ajabu kuliko yote. Magari mawili, maana bado hatujaruhusiwa kukaa pamoja. Mimi na Bi Zuhura mbele, Masanja nyuma yetu. Shamba zuri, kilima kidogo, ghala jekundu, mbuzi wanene wasiojua shida. Mwenye shamba mzee mwenye ndevu. Bi Zuhura alimweleza kwa Kiingereza cha biashara, mzee akavua kofia yake akasimama wima, kama yuko kanisani.

Masanja akachagua jike jeupe. Akalileta kwa kamba, uso kautazamisha bandani. Akanipa kamba na kitenge. Bi Zuhura, Mswahili wa pwani asiyejua mila zetu hata moja, akapiga vigelegele hadi mbuzi wote wakakimbia.

Nikamtazama mkwe wangu usoni, mara ya kwanza. Ana kovu juu ya nyusi ya kushoto. Ndoa ina miaka mitano na sikulijua. Nilijisikia vibaya, kisha nikajisikia vizuri.

Mbuzi nimemchinjisha palepale kwa mkono wa halali, nusu kaichukua shahidi. Jioni Masanja alikula supu mezani, nami nikala mezani. Tulikuwa tunatoka jasho wote wawili.

Neema akafungua sufuria, akatutazama. "Mmefanya haya yote bila kuniambia?"

Nikamwonyesha ile karatasi kwa kidole. Akarudishia kifuniko.

Ijumaa, 20 Juni

Saa kumi na moja asubuhi nilikaa kiti cha mbele. Cha mbele! Masanja akawasha gari. Neema alisema tangu jana haendi. Tukaanza kurudi nyuma, mlango wa nyumba ukafunguka. Akatoka na Tumaini kifuani, ndala miguuni, nywele hazijachanwa. Akaingia kiti cha nyuma. Tukaiacha miji.

Mashamba yakaisha, misonobari ikaanza. Maziwa huku na huku, mengi mpaka nikaacha kuhesabu.

Kisha tukafika. Ni padogo. Ziwa limetulia, safu ya mawe, na maji yanapita kati ya mawe kama yamechepuka tu kidogo. Upana wa darasa, haufiki. Watoto wanavuka, maji magotini. Nikavua viatu. Masanja akanipa mkono, nikaupokea, nikavuka Misisipi kwa miguu yangu. Maji baridi. Nililia na sikujificha.

Nilipofika ng'ambo nikaangalia kivuli changu. Mwalimu ni mwalimu. Nikaangalia maji yanakokwenda, nikaangalia kivuli tena. Nikamwomba Masanja simu yenye dira. Kaskazini. Mto huu unatoka ziwani unakwenda kaskazini! Baadaye ndio unajipinda kwenda zake kusini. Na mimi kila mwaka nimeuchora unashuka moja kwa moja, na aliyepinda mstari nilimrudishia daftari. Niliona aibu, nikakaa juu ya gogo. Halafu nikasema hapana. Nitakwenda kwa mkuu wa shule, nitaomba kipindi kimoja, nitauchora upya. Nani atanizuia?

Neema alikaa pembeni yangu. Akasema yuko Minesota mwaka wa kumi na mbili. Alisoma hapa, ameolewa hapa, amezaa hapa. Hajawahi kufika huku. Hajawahi kufika popote. Alisema polepole, kama anayesoma majibu ya kipimo chake mwenyewe.

"Nakuhitaji, Mama."

"Najua. Na bado naondoka."

Akainamisha kichwa begani kwangu. Mzito, kichwa cha mtu aliyechoka miaka. Sikubadilisha neno langu. Ila nilikaa hapo mpaka mtoto alipolia njaa.

Jumapili, 22 Juni

Baada ya kanisa Neema akauliza tumalizie wapi matembezi kabla sijaondoka. Nikasema mimi nimemaliza, chagua wewe. Alifikiri sana. Nadhani hajaulizwa hilo siku nyingi.

Akachagua ziwa dogo, nusu saa kutoka nyumbani, upande wa mashamba. Hakuna sanamu, hakuna historia. Nyasi, meza mbili za mbao, bata. Masanja akatandika mkeka, tukaukalia wote. Upepo kidogo. Tumaini alikuwa mikononi mwa baba yake.

Neema alijilaza kupumzisha mgongo, akapitiwa na usingizi. Amelala saa mbili nzima, mdomo wazi, mchana kweupe. Masanja aliniuliza kwa sauti ya chini kama tumwamshe, jua linageuka.

Nikamwambia tusogeze mkeka tu. Tukashika pembe, yeye kwa mkono mmoja, mimi kwa miwili, tukamvuta mpaka kivulini.