Jiwe la Piramidi la Kabera

Valens, uko wapi? Kabera ametuaibisha ukweni!

Tumeenda kumposea Bertrand, na msemaji wetu alikuwa yeye. Badala ya kuomba binti, akaanza hadithi yake ya Misri: Novemba tisini na mbili, jangwa linachoma, yeye juu ya piramidi anapunga mkono hadi Kigali ikamwona! Akatoa lile jiwe mkobani. "Nililing'oa kileleni!"

Bibi wa binti, Épiphanie, akalinyakua, akaligeuza. "Kabera, hili jiwe langu la kusagia mtama! Novemba ile ulikuwa kwangu Kinyinya, unanichimbia choo!"

La kusagia mtama, Valens! Na sisi tulilibusu!

Kabera akakaza shingo: "Bibi, uzee umekuingia machoni."

Yewe! Wajomba wakasimama. "Mwizi na mwongo hatumpi mtoto! Tokeni!" Bertrand analia ndani ya gari.

Bibi akauliza: "Nani alikuona ukienda Misri?"

Kabera, bila haya: "Valens alinisindikiza hadi kwenye ndege."

Nawe uliapa hivyo mbele ya watu wote baa, kwa Bikira Maria! Bibi anasema ukirudia uongo huo, Bertrand asahau binti. Yeye na wajomba wanakuja kwako sasa hivi. Bibi yuko mbele, jiwe mkononi.